Kisanduku Kutoka Chumba cha Mahututi

"Mgeni kaketi. Chai iwekwe mezani."

Siafu aliyasikia maneno hayo kwenye kidude kilichojificha ndani ya sikio lake. Hapakuwa na chai wala meza. Ilikuwa amri: kazi ianze.

Alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi mwembamba wa ghorofa ya juu, ovaroli ya kampuni ya intaneti mwilini, kichwa ndani ya kabati la mitambo. Pembeni yake palikuwa na sanduku la zana. Juu: bisibisi, kipima kebo, koleo la kubania vichwa vya kebo. Chini: bastola aina ya Glock 19, na kitu kingine kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Fundi, utamaliza leo kweli?" katibu muhtasi alimpigia kelele kutoka mezani kwake. "Simu ya mapokezi imekufa tangu asubuhi, na bosi ana mgeni mzito!"

"Sasa hivi, dada. Panya wenu wamekula waya."

"Panya? Ghorofa ya juu huku?"

"Siku hizi wanapanda lifti."

Katibu alicheka mpaka akashika mbavu. Masikini, hakujua kwamba laini ile ilikatwa na Siafu mwenyewe alfajiri.

Siafu alichungulia ukuta wa kioo wa chumba cha mikutano.

Yule pale.

Suti ya kijivu, saa ya Rolex, tabasamu la mtu ambaye hajawahi kudaiwa maelezo. Mjini walimwita Bwana Garantii, kwa sababu kila alichouza alikiapia: "Chukua, ndugu yangu, kina garantii ya maisha!" Alianza kama fundi wa kompyuta kwenye kibanda cha mabati. Sasa aliuza vifaa vya mtandao kwa nusu ya taifa, hasa swichi, vile visanduku vyenye matundu mengi ambavyo kompyuta zote za jengo huchomekwa ili ziongee. Ujumbe ukiingia, swichi huangalia ni wa nani, humpelekea mwenyewe. Kazi ya tarishi, basi.

Ila za Bwana Garantii zilikuwa bandia tupu. Aliziingiza kwa magendo, akazibandika nembo za watu, na ndani ya kila moja akapachika kijidude cha kumfungulia yeye mlango wa nyuma.

Na moja ya swichi hizo ndiyo iliyomuua mdogo wake Siafu.

Kitindamimba wao. Aliingia hospitali kuu kwa miguu yake, akafanyiwa upasuaji, akalazwa chumba cha mahututi wamwangalie kidogo tu. Mashine ya kitandani ilituma mapigo ya moyo wake kwa mtandao hadi kwenye skrini ya wauguzi. Mfagizi akakuta kebo inaning'inia. Kwa moyo safi akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, bila kujua kwamba ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye kisanduku hichohicho.

Hilo ni kosa la kitoto. Ujumbe unatokea tundu hili, unaingilia lile, unatoka tena, unazaliana na kuzaliana mpaka mtandao unakosa pumzi. Kila fundi amewahi kulifanya, akatukanwa, akajifunza. Na swichi ya kweli hulishtukia papo hapo, ikalifunga tundu, maisha yakaendelea.

Ile bandia haikushtuka.

Skrini ya wauguzi iliganda. Iliendelea kuonyesha moyo unaodunda vizuri, wakati kitandani kijana wa watu ameshaacha kupumua. Tume ikaundwa. Bwana Garantii akafika na wakili, akaapa kwamba bidhaa yake haina dosari yoyote aijuayo. Unajua nani alifukuzwa kazi? Mfagizi! Mama yake Siafu aliondoka pale ameshika khanga mdomoni, na Siafu akajiapia kwamba mtu huyu atalia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya watu.

"Siafu, mwanangu, nasikia pumzi zako," sauti ilisema sikioni. Ilikuwa ya Mama Mkubwa. Si mama mkubwa wake wa damu. Ndiye mkuu wa idara ya usalama, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. "Tulia. Kumbuka tulivyopanga."

"Nakumbuka, Mama."

Mpango ulikuwa mgumu. Funguo za milango yote ya nyuma zilikuwa ndani ya kompyuta moja tu, ile iliyokuwa mbele ya Bwana Garantii. Kebo yake ikichomoka, diski inajifuta. Umeme ukikatika, inajifuta. Wakivamia akiwa kitini, anabofya kitufe na inajifuta. Ushahidi wote kwaheri. Kwa hiyo ilibidi anyanyuke mwenyewe, kwa hiari yake, aiache wazi.

Mle ndani, mgeni alijiegemeza kitini. Alikuwa ametumwa na watu wa nje wanaonunua nchi za wenzao vipande vipande. Kinasa sauti ambacho Siafu alikibandika chini ya kioo kilimletea kila neno.

"Maneno nimechoka," mgeni alisema. "Nionyeshe. Zima mnara wa kuongozea ndege."

"Sasa hivi?" Bwana Garantii alicheka. "Kuna ndege angani, mzee."

"Ndiyo maana."

"Haya. Mteja ni mfalme."

Vidole vyake vikaanza kutembea kwenye kibodi.

"Siafu!" Mama Mkubwa alifoka. "Mtoe kwenye kile kiti!"

Siafu alikamata kebo fupi ya manjano. Ncha moja, tundu la kwanza la swichi ya kabatini. Ncha ya pili, tundu la pembeni, kwenye swichi hiyohiyo. Akasubiri taa zichanganyikiwe.

Taa moja tu ikageuka rangi ya chungwa, ikatulia. Nyingine ziliendelea kumetameta kijani kama kawaida.

Hakuna kilichotokea.

Alaa!

Akaitazama swichi ile vizuri. Chuma kizito, muhuri halisi, namba ya kiwandani imechongwa. Ilikuwa Cisco ya kweli, ya kampuni yenyewe. Mshenzi yule! Aliwauzia wagonjwa takataka, na yeye ofisini kwake akafunga kitu halisi. Kumbe alijua. Siku ile mbele ya tume, mkono juu, machozi ya uongo, alikuwa anajua fika.

Hasira ilimpanda Siafu. Akaifungua ile taulo.

Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi, chepesi, kimekwaruzika pembeni. Alikuwa amekibeba kama kielelezo, ili amwekee Bwana Garantii mezani siku ya kukamatwa. Sasa kilikuwa na kazi nyingine. Akakiwasha. Kebo moja kutoka kwacho hadi kwenye swichi ya kweli. Kisha ile ya manjano, ncha zote mbili, kwenye kisanduku cheusi chenyewe.

Swichi ya kweli haikuona kosa lolote upande wake. Iliona tu jirani mpya anayepiga kelele, ikazipokea kelele zake na kuzisambaza jengo zima. Taa zote zikawaka kwa pamoja, zikakosa mpangilio. Kebo zote zilikuwa mahali pake. Umeme ulikuwepo. Diski haikuwa na sababu ya kujifuta.

"Mtandao hakuna!" katibu alilia. "Fundi, umefanya nini tena?"

Nyuma ya kioo, Bwana Garantii alibofya. Akabofya tena. Akaugonga mkono wa kiti.

"Hii ndiyo bidhaa yako?" mgeni aliuliza, akicheka. "Inazima nchi au inazima ofisi yako?"

Uso wa Bwana Garantii ukaiva. Mtu aliyetoka kwenye kibanda cha mabati hawezi kuvumilia kuchekwa kwa jambo la kebo. Akanyanyuka, akausukuma mlango, akaja mwenyewe.

"We binti! Pisha!" Akainama kabatini, akaona kisanduku cheusi, macho yakamtoka. "Nani kaileta takataka hii ofisini kwangu? Hii haina kinga hata kidogo, kebo moja tu inaua mtandao mzima! Nani kakwambia hizi zinatumika? Hizi ni za kuuza!"

Katibu akasimama kutazama.

"Tumeyarekodi yote," Mama Mkubwa alisema taratibu.

"Geuza uone nyuma, bosi," Siafu alisema.

Akakigeuza. Palikuwa na karatasi iliyobandikwa, maandishi ya kalamu ya wino mzito: Chumba cha Mahututi, Meza ya Wauguzi.

Alielewa. Mkono ukaruka kwenye koti, bastola ya Beretta ikachomoza.

Alichelewa.

Glock ilikuwa tayari mkononi mwa Siafu, ikabweka mara moja. Risasi ikampata pajani, akaanguka kwenye kapeti, damu ikatoka kwa wingi. Wakati huohuo mlango wa ngazi ulivunjika. Vijana wa idara wakaingia chumba cha mikutano, mgeni akalazwa kifudifudi, na mmoja wao akakaa kwenye kile kiti.

"Kompyuta iko wazi," redio ya Motorola ilikoroma. "Funguo zote tunazo. Mnara salama. Ndege zinatua."

Siafu hakusikia vizuri. Alikuwa amemwelekezea mtu yule mtutu usoni. Alitaka kumuua, na tusidanganyane, angefanya hivyo bila kupepesa.

"Dada, nisamehe," Bwana Garantii alilia. "Ilikuwa biashara tu! Simjui hata aliyekufa mle!"

"Najua humjui."

"Mwanangu," Mama Mkubwa alisema. "Namtaka mahakamani. Na mama yako anataka kumsikia akihojiwa. Usimnyime."

Siafu akaishusha bastola. Akamfunga paja kwa mkanda, akaukaza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wahudumu wa gari la wagonjwa wakapanda na machela. "Mshipa umeguswa," mmoja alisema. "Upasuaji leo hii, kisha mahututi. Tunampeleka hospitali kuu, ndiyo ya karibu."

Bwana Garantii alifumbua macho.

"Si ile!" Alijaribu kuteremka kwenye machela. "Nipelekeni nyingine! Yoyote! Nawaomba, jamani, mle msinilaze! Zile mashine... jamani, zile skrini zinadanganya!"

Wafanyakazi walikuwa wamejaa ukumbini. Walimsikia akilia mpaka lifti ilipofunga milango, na hata ilipoanza kushuka.

"Siafu," Mama Mkubwa alisema sikioni. "Hospitali si ilishang'oa zote baada ya msiba, ikafunga za kweli?"

"Ndiyo, Mama. Yeye hakufuatilia tena. Alishalipwa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akiamka."

Akafunga sanduku lake la zana, akashuka kwa ngazi taratibu.