Zege Juu ya Zizi la Ndaki

Nyanjige alifagia uwanja wa zege mbele ya nyumba yake, pale Somanda. Akafagia tena. Kila alipopitisha ufagio, zege lilitoa changarawe mpya na vumbi la saruji. Alipofagia mara ya tatu aliutupa ufagio chini. Alikuwa amechoka, tena si kwa kufagia.

Uwanja ule ulikuwa na miaka mitatu tu. Maduhu, mumewe, aliujenga mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja Bariadi kugombania pamba. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Mkulima alipeleka pamba yake, akasubiri malipo. Biashara ilipoachwa huria, Maduhu aliuza vizuri, akanunua saruji. Hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini alijenga wapi? Juu ya zizi la marehemu baba yake, mzee Ndaki. Ng'ombe walikuwa wamehamishiwa Lingeka kwa kaka yake, kwenye malisho. Zizi likabaki tupu katikati ya kaya. Mafundi walimwambia Maduhu waondoe kwanza udongo ule mweusi wa samadi. Akakataa katakata. Alisema udongo waliokanyaga ng'ombe wa baba yake hautabebwa kama takataka. Mafundi nao walitaka kumaliza waende zao. Wakamwaga zege juu ya mavi ya ng'ombe.

Mvua za kwanza ziliponyesha, zege lilipasuka. Maduhu alikoroga saruji kidogo na maji mengi, akaziba. Mvua za pili, viraka vikabanduka na nyufa zikaongezeka. Akaziba tena. Nyanjige akisema neno, mumewe anatia pamba masikioni. Basi uwanja ukajaa viraka, na kila kiraka kikawa kinamomonyoka.

Na Nyanjige alianika mpunga hapo. Mpunga ulikuwa wake, wa majaruba aliyoyalima kwa mikono yake. Turubai lao lilikuwa dogo, halitoshi hata robo ya mavuno.

Wiki iliyopita alikuja Constantine, mnunuzi wa mchele kutoka Mwanza. Alichota mchele wa Nyanjige, akatia punje chache mdomoni. Akatafuna, akasimama, akatema jiwe.

"Mama Salu," alisema, akimwita kwa jina la bintiye mkubwa, "mchele wako ni mzuri, lakini una mawe. Nitapita tena baada ya mwezi mmoja. Nikikuta mawe, nyumba hii sitarudi."

Akapakia mchele wa majirani, akaondoka. Nyanjige aliona aibu mpaka akashindwa kula siku ile. Gunia hilo moja tu ndilo lilikuwa limekobolewa. Mpunga mwingine ulikuwa bado ndani, unasubiri kuanikwa. Nao ukianikwa hapo, ungeingia mawe vilevile.

Sasa, Nyanjige akiwa bado anautazama ufagio wake, Maduhu akaingia na saruji kwenye ndoo. Alikuwa na mwiko mkononi. Alikuwa anakuja kuziba.

"Baba Salu," Nyanjige alisema, "ukiweka kiraka kingine hapo, mpunga wangu nitakwenda kuuanika kwa watu."

Maduhu alisimama. Mke kuanika mavuno kwa watu, na mume ana uwanja? Majirani wangesema nini? Aliuliza kwa hasira anataka afanye nini basi. Nyanjige alimjibu kwamba amwulize anayejua. Kisha hakusubiri ruhusa. Alizunguka ua wa minyaa, akaenda kwa Wilhelmina.

Wilhelmina alikuwa jirani yao. Kwa miaka kumi na minane alisimamia ujenzi wa madaraja madogo serikalini. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa, akarudi nyumbani kulima mchicha. Zege alilijua kama Nyanjige alivyoujua mpunga. Lakini Maduhu hakuwahi kumwuliza hata mara moja. Angemwulizaje mwanamke habari za zege?

Wilhelmina alikuja na nyundo. Alisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikiwa. Milembe, mama yake Maduhu, alikuwa kwenye kigoda akimenya karanga. Wilhelmina alimpa heshima yake, kisha akainama, akaanza kugonga zege. Aligonga upande wa mashariki. Ko, ko, ko. Akahamia katikati. Sauti ikabadilika, ikawa kama ya debe tupu.

"Mmesikia?" aliuliza.

Maduhu alisema zege ni zege tu. Wilhelmina akaomba ndoo ya maji. Aliyamwaga upande wa mashariki, maji yakatiririka mpaka ukingoni. Aliyamwaga katikati, yakaingia kwenye ufa yakapotea.

"Baba Salu, chini hapa hakuna kitu," alisema. "Samadi inaoza, inashuka. Zege limebaki linaning'inia, ndiyo maana linapasuka. Wewe unaziba juu, ugonjwa uko chini."

"Kwa hiyo nibomoe lote?" Maduhu alisema. "Nitupe saruji yote ile?"

"Nani kakwambia lote?"

Wilhelmina alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari uwanjani. Alieleza taratibu. Upande wa mashariki ulikuwa nje ya zizi, juu ya ardhi ngumu. Nyufa zake ni nyembamba, pande mbili za ufa ziko sawa, na ukigonga unasikia sauti nzito. Huo unatengenezwa. Lakini si kwa kupaka uji wa saruji juu ya vumbi. Unatindua ufa kwa tindo mpaka ufikie zege zima. Unasafisha, unalowesha, ndipo unajaza saruji na mchanga na kushindilia. Upande wa zizi ni habari nyingine. Umezama, unamomonyoka, upande mmoja wa ufa uko juu kuliko mwingine. Huo hautengenezeki. Unavunjwa, udongo mbaya unatolewa, zege linamwagwa upya.

Nyanjige alisikiliza akajisikia kulia kwa hasira. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivi, na jibu lilikuwa limekaa nyuma ya minyaa miaka mitatu.

Lakini Maduhu aliposikia udongo unatolewa, alikunja uso. Alisema ataziba, atavunja, atafanya lolote, ila udongo wa zizi la baba yake hatoi. Wilhelmina alipumua kwa nguvu, akaweka nyundo chini.

Ndipo Milembe alipoacha karanga zake.

"Maduhu, baba yako alikuwa anautoa udongo huo kila mwaka kabla ya mvua," alisema. "Anaujaza kwenye mkokoteni, anapeleka kwenye mahindi. Wewe mwenyewe ulikuwa unapanda juu yake."

Maduhu alimgeukia mama yake. "Mbona hukuniambia, mayu?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unawafokea mafundi."

Nyanjige aligeuza uso asionekane akicheka. Maduhu alikuna kichwa, akaingia ndani kutafuta sururu.

Walivunja siku mbili. Udongo mweusi ulijaza mikokoteni kumi na mmoja, wote ukaenda kwenye shamba la mahindi. Walichimba mpaka wakafika ardhi ngumu. Wakajaza changarawe tabaka kwa tabaka, kila tabaka wakilimwagia maji na kulishindilia. Wilhelmina alipima mwenyewe. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga msafi wa mtoni, tatu za kokoto, na maji ya kiasi. Maduhu alitaka kuongeza maji ili zege lisambae upesi. Wilhelmina alimnyang'anya ndoo. Zege waliligawa vipande lisije likapasuka ovyo, likainama kidogo kuelekea nje ili maji yasikae wala yasiifuate nyumba. Nyufa za mashariki wakazitindua na kuzijaza kama Wilhelmina alivyoeleza.

Siku ya pili baada ya kumwaga zege, Maduhu aligonga kwa kidole, akasema limekauka, mpunga uanikwe. Jamani. Nyanjige alisimama katikati ya mlango, akamkumbusha: siku saba zege lifunikwe magunia, na magunia yaloweshwe asubuhi na jioni. Likikauka haraka linakosa nguvu. Kila siku Maduhu aliuliza, na kila siku Nyanjige alijibu lile lile. Mume alikubali shingo upande. Hata siku saba zilipotimia, Wilhelmina aliwaambia wangoje siku chache zaidi, na wakangoja.

Mpunga ulianikwa juani, ukageuzwa, ukakauka. Ulipotoka mashineni, Nyanjige alipepeta ungo mmoja baada ya mwingine. Hakuona changarawe hata moja.

Mwezi ulipotimia, Constantine alirudi. Alichota mchele kwenye gunia la kwanza, la tatu, la mwisho. Akaagiza magunia yote yapakiwe. Kisha akatembea juu ya uwanja, akaukanyaga kwa kisigino. Alisema kwake Mwanza ana uwanja uliopasuka, anatia viraka kila mwaka. Akamgeukia Maduhu, akamwuliza fundi wa kazi ile ni nani.

Maduhu alikohoa, akajiweka sawa. Nyanjige aliacha kufunga gunia. Alimjua mume wake. Alikuwa tayari kusikia uongo.

"Nenda nyuma ya minyaa ile, umwulize mama Wilhelmina," Maduhu alisema. "Mimi nilikuwa naharibu saruji tu."