Kilomita Ishirini za Bure

Bi Khim hakujua kusoma, lakini karatasi alizijua. Karatasi laini alifungia mboga. Karatasi za matangazo ya duka, zile zenye picha za rangi, alizikunja visanduku vidogo vya kutemea miiba ya samaki. Karatasi ngumu nyeupe ndizo zilizokuwa bora kuliko zote. Kisanduku chake kilisimama imara mezani, wala hakikulowa upesi.

Karatasi hizo ngumu zilianza kuja baada ya mwaka mpya wa 2014. Alizileta mtu wa posta kwa pikipiki yake ya kijani, akipita polepole juu ya matuta ya mabwawa ya samaki. Nyingine alizitia sandukuni tu. Nyingine zilikuwa za rejista, na kwa hizo aliita uani, "Mama mkubwa, toa muhuri." Bi Khim alifungua droo, akatoa muhuri wa mwanawe, akaugonga mahali pa sahihi. Mtu wa posta alimwambia kwamba barua ni za Kun-liong, na ni mambo ya barabara tu. Bi Khim akadhani kuna barabara inatengenezwa. Alifurahi pia. Mwanawe alihamia mji wa Taichung miaka ishirini iliyopita, na kumbe posta bado inamjua kuwa ni mtoto wa hapa.

Alikusudia kumwambia habari za barua hizo. Lakini Kun-liong akifika, mambo yote humtoka mama yake kichwani.

Alikuwa akija kila Jumamosi. Tangu baba yake afariki hakukosa hata mara moja. Saa nne asubuhi Bi Khim huketi kwenye kiti cha mwanzi, akitazama mabwawa. Magurudumu yanazunguka majini ili samaki wapate hewa, na maji yanaruka meupe, yanaanguka, yanaruka tena. Ukiyatazama sana macho huwa mazito. Husinzia kidogo, na usingizini husikia gari likija, akaamka, akakuta ni maji. Husinzia tena. Mara ya tatu au ya nne huwa ni gari kweli. Kungoja huko kulimpendeza kuliko alivyokubali mbele ya watu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mama na mwana walikaa kula mwatiko wa kukaanga. Mwatiko ni mtamu, ila miiba yake haina mwisho. Anayekula hawezi kuzungumza sana. Kun-liong alitema mwiba mmoja, akatema wa pili, kisha akaacha kutafuna. Alikuwa akikitazama kile kisanduku.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Hii ninayotemea miiba. Mbona ina namba ya gari langu?"

"Si ni yako? Mtu wa posta alisema ni yako. Ziko nyingi, usiwe na wasiwasi, hatutaishiwa."

Aliinuka akaleta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na visanduku kumi na kimoja, vimekunjwa vizuri na kupangwa kama vikombe. Kun-liong alivikunjua kimoja kimoja, akivisoma kimya. Bi Khim alimtazama usoni, kwa maana uso wa mwanawe ndio maandishi pekee aliyoweza kuyasoma bila kusaidiwa. Hakupenda alichokiona.

"Mama," alisema mwishowe, "hii ni serikali inanidai. Tangu Januari tunaitemea miiba."

Akamweleza. Kuanzia mwaka mpya vibanda vya tozo katika barabara kuu vilikuwa vimefungwa. Dereva hasimami tena kumpa mtu fedha. Anapita moja kwa moja, na mitambo ndiyo inayomhesabia njia. Kun-liong alisikia kwamba asiye na kibandiko garini ataletewa ankara kwa posta. Basi akangoja ankara kwenye chumba alichopanga Taichung. Haikuja. Akasema moyoni kuwa labda mitambo haijamwona, au labda njia yake ni ya bure. Kumbe ankara zilikuwa zikimfuata kwa anwani iliyo kwenye kadi ya gari, nayo ni ya kwao kijijini. Hakuwahi kuibadilisha, kama watu wengi wa huko wasivyobadilisha.

Alipiga hesabu pembeni ya sahani. Tozo peke yake zilipita dola elfu tatu za Taiwani, na zile za zamani zaidi zilikuwa zimeshaongezwa gharama na faini. Mkewe alikuwa amekwisha kulalamika kuhusu mafuta ya gari. Sasa na hili.

"Nitapunguza safari kidogo, mama," alisema akiangalia meza. "Nitakuja mwisho wa mwezi tu, mpaka nilimalize deni. Halafu tutaona."

Bi Khim alisema ni sawa, mji una mambo mengi, na yeye ana samaki wake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Moyo ulimuuma. Aliona Jumamosi tatu katika kila mwezi zikiwa wazi mbele yake, maji yakiruka na kuanguka, na hakuna gari. Na zaidi ya hapo aliona kwamba ni mikono yake mwenyewe iliyozikunja zile barua.

Hapo ndipo Le-chu alipoingia na bakuli la chaza. Le-chu alikaa nyumba ya pili. Alikuwa amefanya kazi katika kibanda cha tozo kwa miaka kumi na sita, mpaka vilipofungwa, na sasa alikuwa akifungua chaza nyumbani kwa kisu kifupi. Mtaani watu hawakuzungumzia tozo mbele yake. Kun-liong alijaribu kuzificha karatasi chini ya sahani.

"Usinifiche," Le-chu alisema. "Naijua rangi ya karatasi hiyo." Alichukua ile iliyotumika, akakung'uta miiba, akaisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi na kuanza kucheka polepole, mpaka machozi yakamtoka. Bi Khim hakuelewa kama ni kicheko tu.

Alisema alikuwa akiota vile vibanda. Katika ndoto anaona mikono tu, inatoka madirishani mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa zamani. Mikono yenye magamba ya samaki, yenye unga, na mmoja wa bibi harusi wenye bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko. Yeye anapokea, anapokea, na foleni haina mwisho wala hachoki. Mumewe humwambia kuwa akilala hunyoosha mkono na kumrudishia chenji.

"Sasa hakuna mkono," alisema Bi Khim. "Nani analiona gari, kama hakuna mtu?"

Le-chu alifuta macho. Labda alikuwa hajaulizwa jambo la kazi yake tangu siku walipomfungia mlango. Alijibu taratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka.

"Umewahi kuona zile fremu za chuma zinazovuka barabara juu, mama mkubwa? Kati ya njia moja ya kutokea na nyingine kuna fremu moja. Juu yake kuna kamera na kifaa cha kusoma vibandiko. Gari likipita, kifaa kinasoma kibandiko kilichobandikwa kioo cha mbele, na kinajua umetembea kipande hiki. Mbele kuna fremu nyingine, kipande kingine. Mwisho wa siku vipande vinajumlishwa. Kila mtu analipia urefu wa njia yake."

"Na asiye na kibandiko?" Kun-liong aliuliza, ingawa jibu alikuwa amelishika mkononi.

"Kamera inapiga picha ya namba. Unaweza kwenda mwenyewe dukani baada ya siku mbili tatu, lile duka lisilofungwa pale mjini. Unaandika namba ya gari kwenye mashine, unalipa, yamekwisha. Usipokwenda ndiyo wanatuma ankara. Usipolipa ankara wanatuma ya rejista, na gharama juu. Ukizidi kunyamaza, faini ya dola mia tatu. Wewe umenyamaza miezi mitatu, kaka yangu. Hata mimi kwenye kibanda nisingekuvumilia hivyo."

Kun-liong aliinamisha kichwa akatabasamu kidogo. Aliuliza kibandiko ni bei gani. Le-chu alisema wakati ule walikuwa wakikigawa bure kwa gari lisilowahi kuwa nacho. Mtu anakwenda na kadi ya gari, wanambandikia, anaweka fedha za akiba, na kila safari inakatwa humo. Mwenye kibandiko na akiba anapunguziwa sehemu moja katika kumi. Akiba ikikaribia kwisha anapata ujumbe kwenye simu, na asiupuuze, maana akiba ikiisha kibandiko hakimsaidii kitu. Tena aende ofisi ya magari akaandikishe anwani ya Taichung, ili barua zimfikie anayeweza kuzisoma.

Aliposema hivyo alijuta, akamgusa Bi Khim goti. Bi Khim alisema hapana, ni kweli.

"Na bei yenyewe?" Bi Khim aliuliza. "Toka kwake mpaka kwangu."

Le-chu alichovya kidole kwenye maji ya chaza, akaandika juu ya meza. Gari dogo hulipa dola moja na senti ishirini kwa kilomita. Toka Taichung mpaka njia yao ya kutokea ni kilomita kama mia na ishirini na tano. Lakini kilomita ishirini za kwanza za kila siku ni bure kwa kila gari. Na ukizidisha kilomita mia mbili kwa siku moja, zinazobaki ni senti tisini tu. Kwa hiyo kuja na kurudi Jumamosi moja ni dola mia mbili sitini na moja, kabla ya punguzo la kibandiko.

"Hizo ni bakuli kama sita za wali wa nyama," alisema. "Mafuta ya gari yanakula zaidi ya hapo. Kilichokuumiza wewe si tozo, ni kuchelewa."

Maji ya kwenye meza yalikuwa yameanza kukauka. Bi Khim aliyatazama. Namba hakuzijua zote, lakini maneno alikuwa ameyashika, na neno moja lilikuwa likizunguka kichwani mwake taratibu, kama gurudumu la bwawani.

"Umesema ishirini za bure ni za kila siku."

"Za kila siku. Usiku wa manane hesabu inaanza upya."

"Basi kama atakuja Jumamosi, akalala hapa, akarudi Jumapili. Zitakuwa ishirini mara mbili."

Le-chu alichovya kidole tena, akaandika upya, akafuta kwa kiganja, akaandika. Kuja, mia na ishirini na sita. Kurudi kesho yake, mia na ishirini na sita. Mia mbili hamsini na mbili. Alimtazama bikizee huyo asiyejua kusoma, kisha akamtazama mwanawe.

"Mama yako amesema kweli," alisema. "Kulala ni rahisi kuliko kurudi."

Kun-liong alicheka. "Kwa dola tisa, mama. Hiyo ni bei ya yai moja la kuchemsha kwenye majani ya chai."

"Dola tisa ni dola tisa," alisema Bi Khim.

Hakumwambia kwamba alikuwa amelitandika godoro la chumba cha mbele tangu mazishi ya mumewe, na kila wiki huliweka juani na kulirudisha. Lakini Kun-liong alikuwa amekula mezani pale miaka mingi, naye pia alijua kusoma uso mmoja. Kicheko kilimwisha. Alizikusanya karatasi, akazikunjua vizuri na kuzitia mfukoni.

Jumatatu yake alilipa zile ambazo hazikuwa na faini, kisha akalipa zenye faini. Alibandikiwa kibandiko kwenye kioo, akaweka akiba, akabadilisha anwani. Mkewe aliposikia hesabu ya kulala alisema mama mkwe wake angefaa kuwa waziri wa fedha. Akampa mumewe mswaki na nguo ya kulalia akavipeleke kijijini vikae huko.

Jumamosi ilipofika Bi Khim alikaa kwenye kiti cha mwanzi. Maji yaliruka yakaanguka. Alisinzia akasikia gari, akaamka, na mara hii lilikuwa ni gari kweli tangu mwanzo. Walikula. Jioni ilipoingia Kun-liong hakutazama saa. Le-chu alipita, akakitazama kibandiko kwa muda mrefu, akakigusa kwa kidole, akasema kimebandikwa sawasawa. Kisha akaenda zake.

Asubuhi Bi Khim aliamka kabla ya jua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabwawa na matuta hayakuonekana. Alisimama mlangoni, hana hakika kama bado anaota. Gari lilikuwa uani, limelowa umande kuanzia paa mpaka magurudumu. Kwenye chumba cha mbele mtu alikuwa akikoroma, kama baba yake alivyokuwa akikoroma.

Aliingia jikoni akinyata. Alitia mchele wa watu wawili.