Barua Iliyokataa Shahada Yangu

"Mbona umekataa?"

Bosi aliniuliza hivyo huku akinisukumia karatasi juu ya meza. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mistari minne tu... eti nimebadili mawazo, sihitaji tena kampuni inilipie nusu ya ada ya shahada ya biashara, naomba ombi langu lifutwe.

Chini yake, saini yangu.

Jamani, mimi sikuiandika ile barua. 

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende sawa. Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha ndoo na madumu ya plastiki, mwaka wa tisa sasa. Wote wananiita Mama Stoo, hadi bosi. Kwa wiki sita nilikuwa namganda yule mzee kampuni inisaidie kusoma shahada jioni, baada ya kazi.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema stoo haihitaji shahada.

Mara ya tatu niliingia na mafaili yangu. Nikamwonyesha tulivyoagiza rangi ya bluu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mashine zilivyosimama siku nzima kwa kukosa rangi nyeupe. Nikamwambia nataka kusomea kupanga mambo kabla hayajaharibika. Siku hiyo hakucheka. Alikubali kulipa nusu, na mimi nikimaliza nimfanyie kazi miaka miwili. Fomu ilikuwa ipelekwe chuoni Ijumaa.

Hii ninayowasimulia ilikuwa Jumatano.

"Sijaandika hii, bosi."

"Saini si yako?"

Nikaitazama tena. Ilikuwa yangu, mpaka kile kitanzi cha mwisho.

"Ni yangu... lakini sijasaini."

Bosi akashusha pumzi. Akasema nimshukuru sekretari wake, maana ndiye aliyemletea barua na kumwambia aniulize kwanza. Eti haamini kama imetoka kwangu.

Amejuaje?

Wenzangu, swali hilo liliniingia kichwani likagoma kutoka. Bosi mwenyewe hakujua. Mimi mwenye saini nilikaribia kuikubali. Yeye kajulia wapi kwamba ni feki?

Nikaanza kuunganisha. Miaka miwili nyuma, sekretari aliomba kulipiwa kozi hiyohiyo akanyimwa. Na siku za karibuni alikuwa na maswali mengi mno. Nitaanza lini? Masomo ni siku ngapi? Nikiwa na mtihani, stoo atabaki nani? Mimi nilidhani ni urafiki, maana mchana tulikuwa tunakula meza moja, tunagawana hadi tunda.

Nikashuka getini. Mlinzi akaniambia bahasha zote zinazoingia anamkabidhi sekretari. Hilo likanitosha. Mimi, ambaye stoo kwangu haingii hata kopo bila kuuliza nani kalileta, sikuuliza nani kaileta bahasha ile getini. Nilikuwa nimeshapata mtu wangu.

Nikapanda ngazi. Nikamkuta sekretari ofisini kwa bosi, na wahasibu wawili wanasubiri saini. Sikujali.

"Aliyejua kwamba barua ni feki ndiye aliyeitengeneza," nikasema.

Sekretari akaweka kalamu chini.

"Mama Stoo... mimi?"

"Wewe. Ulinyimwa, ukaona na mimi nisipate."

Hakubishana. Bosi akamwambia akae nyumbani mpaka Ijumaa, jambo lichunguzwe, na ikithibitika kazi hana. Akachukua mkoba wake akanipita bila kuniangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, roho yangu ilitulia kabisa.

Jioni nikawa natafuta vyeti vyangu vya kuambatisha kwenye fomu. Baba watoto ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko njiani wiki tatu kati ya nne, kwa hiyo nyumbani ni mimi na watoto watatu. Kifungua mimba wangu, binti, mwaka huu anafanya mtihani wa kumaliza sekondari. Kwenye droo ya makaratasi ya shule nikakutana na ripoti yake ya muhula uliopita.

Hesabu imeporomoka vibaya. Chini, sehemu ya mzazi, pana saini yangu.

Ripoti hiyo sikuwahi kuiona.

Nikakaa kitandani. Kazini nasaini labda mara mia kwa siku, na saini yangu ya kule ni herufi mbili na mstari. Hata barua ya ombi niliisaini hivyo. Hii kamili, yenye kitanzi, naitumia mahali pawili tu: mkataba wa nyumba na ripoti za watoto. Sekretari anapokea fomu zangu kila siku. Aliona saini asiyoijua, basi. Hakukuwa na siri nyingine.

Nikamwita binti. Alipoiona ripoti mkononi mwangu, akasimama mlangoni.

"Na barua ya kazini?" nikamuuliza.

Akaanza kukwangua rangi ya mlango kwa ukucha.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ulinipa ombi lako nikukagulie makosa," akasema taratibu. "Uliandika nyumbani hakuna tatizo, binti yangu mkubwa atashika kila kitu. Jioni nne kwa wiki. Mwaka huu nina mtihani, mama. Hukuniuliza."

"Si ungeniambia?"

"Ulikuwa na furaha."

Nilitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Yeye ndiye anayepika nikichelewa, ndiye anayewaogesha wadogo zake, kisha anafungua daftari akiwa hoi. Hesabu zilipoanguka akaogopa kunionyesha, akajisainia. Akaona kumbe inawezekana. Barua akaichapisha kwenye duka la fotokopi, akaiacha getini alipotoka shule.

Sasa niwaambie ukweli wangu mchafu. Alhamisi asubuhi, njia nzima ya kwenda kazini, niliwaza kunyamaza. Fomu ingepelekwa, binti yangu asingejulikana, na sekretari angepoteza kazi. Niliwaza hivyo mpaka mlangoni kwa bosi.

Nikaingia, nikasema yote.

 Bosi akapiga simu, akamwambia sekretari arudi kazini na akamwomba radhi. Mimi akaniambia: "Fomu yako nitaipeleka. Lakini ile sehemu ya nyumbani iandike upya, na huyo binti asaini. Safari hii jina lake mwenyewe."

Jioni hiyo tulikaa mezani, mimi na binti. Afadhali bosi, jamani! Yule mtoto alinibana kila kona. Tukaafikiana naanza muhula wa pili, mtihani wake ukishapita, nasoma Jumamosi badala ya jioni, hata kama nitachelewa kumaliza kwa mwaka mzima. Ndipo akasaini.

Ijumaa nilimwomba sekretari msamaha palepale ofisini, mbele ya wahasibu walewale. Akasema amenisamehe, na naamini amenisamehe kweli.

Wewe unayesoma hapa na unataka mwajiri akulipie masomo, nisikilize. Bosi nilimbembeleza wiki sita. Mwanangu, ambaye ndiye angebeba mzigo, nilimpa taarifa tu. Anza na wa nyumbani. Na ukimshuku mtu, usiseme mbele za watu kabla hujauliza hadi mwisho, kwa sababu kazi inaweza kurudishwa kwa simu moja, lakini si kila kitu.

Huu ni mwezi wa pili sasa, na mchana nakula peke yangu.