Mwizi wa Nyumba za Mahabusu

Mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa kioo kimoja, kile cha karibu na kitasa. Televisheni ilikuwepo. Bunduki ya kuwindia ilikuwepo ukutani. Kilichokosekana ni mbwa.

"Mbwa tu?" aliuliza Sajini Verna Stroud.

"Mbwa tu! Unasema kama vile ni ndoo," akajibu Clint Haskell, kijana mwenye nyumba. Macho yalikuwa mekundu na shati lilikuwa bado na mikunjo ya jela.

Verna alikuwa mpelelezi wa ofisi ya Sherifu, yaani mkuu wa polisi, Kaunti ya Pruitt, kusini mwa Ohio, Marekani. Alikuwa mama wa watoto wakubwa, mwenye magoti mabovu. Alichuchumaa pale mlangoni huku akiguna.

"Umetoka jela leo?"

"Leo Jumatatu, asubuhi hii. Alhamisi jioni walinisimamisha barabarani kwa ajili ya taa ya nyuma. Kumbe jina langu lina hati ya kukamatwa. Faini ya mwendo kasi ya mwaka jana, niliisahau."

"Hakimu?"

"Alishaondoka. Anakaa mahakamani Jumatatu na Alhamisi tu. Nikampigia dada yangu, hapokei. Nikamwambia yule askari wa mapokezi, bwana mkubwa, nina mbwa mgonjwa nyumbani. Unajua alinijibu nini? 'Kila mtu ana mbwa.'"

Clint alifungua friji akatoa kichupa kidogo cha dawa. Mbwa aliitwa Biskuti. Alikuwa mzee, masikio marefu, ana kisukari. Marehemu mama yake Clint ndiye aliyemfuga, na siku zake za mwisho alimshika mwanawe mkono akamwambia, nitunzie huyu. Biskuti alichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, bila kukosa.

"Aliyemchukua hakuchukua dawa," Clint alisema. "Hajui. Tangu Alhamisi hajachomwa, Sajini. Kama bado yu hai, hafiki Jumatano."

Verna alikuwa anatazama sakafu.

"Clint, umefagia hapa?"

"Sijagusa kitu."

"Vipande vya kioo viko wapi?"

Vilikuwa kwenye pipa la takataka, vimefungwa vizuri ndani ya gazeti. Na pale kioo kilipotoka, mtu alikuwa amebandika kipande cha boksi kwa utepe wa gundi, mvua isiingie.

"Basi mwizi wako ni msafi kuliko wewe," Verna alisema, akitazama vyombo kwenye sinki.

Alibandua ule utepe polepole. Upande unaonata kulikuwa na alama ya dole gumba, imekaa kama muhuri. Akaitia kwenye bahasha ya ushahidi. Maabara wangejibu baada ya wiki, na Biskuti hakuwa na wiki.

*

Ofisini alifungua majalada ya zamani. Lilikuwepo moja la paka, la masika. Lingine la mbwa, la kiangazi. Kote kioo cha mlango wa nyuma, kote vipande vimefagiwa, na hakuna aliyelitilia maanani kwa sababu hakuna kilichoibwa cha thamani.

Akatazama wenye nyumba walikuwa wapi siku hizo. Wote walikuwa ndani, mahabusu, kwenye jela ya kaunti iliyo nyuma ya ofisi yake mwenyewe.

Hapa mwenye masikio asikilize vizuri. Katika kaunti ile, kama ilivyo katika kaunti nyingi za nchi ile, ukikamatwa usiku, asubuhi jina lako liko kwenye ukurasa wa Sherifu mtandaoni. Picha yako iko pale, na nywele zilivyotimka. Umri, kosa na mji. Hujahukumiwa, pengine hata hujakosa, lakini tayari uko pale, na mtu yeyote mwenye simu anakuona. Watu wanausoma ukurasa ule na kahawa yao, wanachekana, wanatumiana. Ukurasa hauchagui msomaji. Anayekuombea anausoma, na anayejua sasa kwamba nyumba yako haina mtu anausoma pia.

Verna alishuka hadi kwenye kidirisha cha kumbukumbu. Karani wake alikuwa Nadine, mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu na sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nadine, anwani za watu zimo mtandaoni?"

"Mji tu. Mtaa na namba ya nyumba tuliviondoa. Anayevitaka aje hapa kidirishani aombe taarifa kamili ya kukamatwa. Analipa senti za kopi, anaondoka nayo."

"Na wewe unamwandika ni nani, anataka ya nini?"

"Weee! Sheria ya jimbo inanikataza kumdai jina wala sababu. Ni kumbukumbu za umma, dada. Akija shetani na pembe zake, nampigia kopi."

"Ijumaa nani aliomba ya Clint Haskell?"

Nadine hakuhitaji kufikiri. "Wawili. Royce wa dhamana, huyo kila siku yupo. Na mama mmoja wa suka la mvi, buti zimejaa matope. Huyo haulizi kosa kama wenzake. Anauliza, 'Anaishi na nani?'"

"Jina lake?"

"Si nimekwambia siruhusiwi kuuliza? Au husikilizi?"

Verna alianza na anayemjua. Akampigia Royce Applegate, anayewawekea mahabusu dhamana kwa malipo.

"Royce, Ijumaa ulichukua taarifa ya Haskell."

"Nilichukua. Nikamwambia nikutoe, akasema hana hela. Tukaachana kwa amani."

"Ulikwenda nyumbani kwake?"

"Kufanya nini? Mimi mtu akinikimbia nachukua gari, nachukua boti. Mbwa mzee nimpeleke wapi, mnadani?"

"Sijakutajia mbwa."

"Kijana amenipigia mara nne asubuhi hii akilia! Mji mzima unajua habari ya mbwa."

"Umewahi kufagia nyumba, Royce?"

"Muulize mke wangu uone atakavyocheka."

Verna akakata simu, naye akicheka. Royce hakuwa mtu wa kufagia.

Alikaa akawaza. Mtu anavunja kioo, halafu anakizoa mpaka kipande cha mwisho. Kwa nini? Ili mbwa asikatwe miguu. Anaacha bunduki, anaondoka na mbwa mzee asiyeuzika. Mtu wa namna hiyo akimwona mbwa anakunywa maji bila kukoma na miguu inayumba, atafanya nini? Hatamtazama tu. Na daktari wa wanyama katika kaunti ile alikuwa mmoja.

"Daktari Yoder, umeletewa mbwa wa kisukari, wa masikio marefu?"

"Wagonjwa wangu wana siri zao, Verna."

"Mgonjwa wako ana miguu minne, na mwenyewe anamlilia."

Kwenye simu Verna akasikia karatasi zikifunuliwa. "Ameletwa Ijumaa jioni, hali mbaya. Nilimtundikia dripu usiku kucha. Aliyemleta ni Orpha Dillard, Barabara ya Kinu, nyumba ya mwisho. Alilipa yote mwenyewe, na insulini akanunua. Usimtishe yule mama."

*

Verna alimwambia Clint abaki nyumbani. Alipogeuka kuingia Barabara ya Kinu, akaliona gari la kijana kwenye kioo cha pembeni, linamfuata.

Orpha Dillard alifungua mlango kabla hajagongewa. Alikuwa na suka la mvi mpaka kiunoni na buti za matope. Nyuma yake kulikuwa na paka juu ya kila kiti. Uani mbuzi alilia.

"Nimekuwa nikikungoja, mwanangu," alisema. "Kwa muda mrefu."

"Biskuti yuko wapi?"

"Ndiyo jina lake? Mimi nilikuwa namwita Babu. Yuko jikoni."

Clint alimpita Verna kama upepo. Wakasikia mkia unagonga kabati, tena na tena, kisha kijana mzima analia kwa sauti bila aibu.

Verna alivuta kiti, akamwondoa paka, akaketi.

"Bi Orpha, nina alama ya dole gumba kwenye gundi."

"Ni langu."

"Kioo?"

"Mimi. Nyundo imo kwenye gari."

"Na zile nyumba nyingine mbili?"

"Mimi. Na nyingine mbili hamkupata habari zake, wenyewe wako gerezani bado."

"Wanyama ulitaka kuwauza?"

Orpha alimtazama kama aliyetukanwa. "Niuze?"

"Basi nieleze."

Mama alikaa chini. Alizungumza akiangalia mikono yake.

"Nilikamatwa miaka michache iliyopita. Walinichanganya na mwanamke mwingine, jina moja. Nilikuwa na mbwa, Pearl. Nimemfungia ndani, joto la Agosti. Nikawaambia, jamani, mbwa wangu hana maji. Wakaniambia weka saini hapa. Walipogundua kosa lao, waliniomba radhi vizuri, wakanipa na lifti. Nilimkuta nyuma ya mlango, Pearl. Alikuwa ameukwangua mlango ule mpaka..." Alikunja mikono. "Baadaye jirani akaniambia, pole, tulikuona kwenye ukurasa wa Sherifu. Mtaa mzima waliniona! Walijua sipo. Hakuna hata mmoja aliyewaza, na mbwa wake je?"

Jikoni Clint alikuwa ameacha kulia, anasikiliza.

"Tangu hapo nausoma kila asubuhi. Nikiona mtu, nakwenda kidirishani nachukua anwani, nagonga mlango. Kukiwa na mtu, naomba radhi naondoka. Kukiwa na kiumbe analia ndani na hakuna mtu, navunja."

"Ungetupigia simu sisi."

"Niliwapigia mara ya kwanza. Mkasema mtatuma mtu."

Verna alikohoa. "Mbona hukuwarudishia wenyewe?"

"Mimi nategemea ukurasa ule tu, mwanangu. Unasema aliyeingia. Hausemi aliyetoka."

Verna alifunga kalamu yake. Clint alitokea mlangoni, Biskuti mikononi kama mtoto.

"Sajini, mimi simshtaki."

"Hushtaki wewe. Nyumba alizovunja si yako peke yake, na kuvunja ni kuvunja. Bi Orpha, chukua koti."

"Na hawa?" Orpha alionyesha nyumba nzima kwa mkono. "Nani atawalisha hawa?"

Verna aliahidi kupita mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, na alipokuwa akiahidi alijua hajui hata mbuzi anakula nini.

*

Asubuhi picha ya Orpha ilikuwa kwenye ukurasa, suka begani, amenyoosha kidevu. Kosa: kuvunja na kuingia. Verna aliitazama mara moja tu, akaendesha kwenda Barabara ya Kinu na mfuko wa chakula cha paka.

Hakupata pa kuegesha.

Clint alikuwa uani anajaza ndoo kwa mpira wa maji. Nadine alikuwa barazani, kucha zake nyekundu ndani ya mfuko wa punje, anawafokea kuku wapange foleni. Royce alikuwa anashusha robota la nyasi kwenye gari, jasho likimtoka.

"Usiseme neno," alimwonya Verna. "Nimemwekea dhamana, na mpaka atoke natazama mali ya mteja wangu."

Walikuwepo na wengine asiowajua, wanawake kwa wanaume, wamebeba vyakula na mablanketi ya zamani. Mama mmoja alipita na beseni la maji, akaliweka mbele ya mbuzi kwa uangalifu.

"Wewe jirani yake?" Verna akamuuliza.

"Hapana, nakaa ng'ambo ya mto."

"Sasa nani alikuambia uje?"

Yule mama alijifuta mikono kwenye sketi. "Hakuna aliyeniambia, nimeulizia njia tu," alisema. "Nimeusoma ukurasa."