Uso wa Safinah kwenye Ukuta wa Saluni

Kitu cha kwanza alichokiona Safinah kilikuwa kidoti. Kidoti kidogo cheusi chini ya sikio la kushoto, mahali palepale kilipo chake. Ndipo akajua kwamba yule mwanamke mkubwa aliyechorwa kwenye ukuta wa saluni, pale Bukoto, ni yeye.

Macho yake. Midomo yake. Hata namna anavyoinamisha kichwa akiona haya. Lakini ngozi haikuwa yake. Ilikuwa na rangi ya papai lililoiva.

Kamis alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anacheka mpaka jino la mwisho.

"Umejiona?"

Safinah alishika vizuri kawa alizobeba kichwani. Alikuwa akisuka vifuniko hivyo vya chakula kwa ukindu wa rangi, kama mama yake na bibi yake, na siku hiyo alikuwa anampelekea mteja.

"Safi, sema basi! Wiki mbili nimekuficha. Nilitaka shangazi zangu wakija kwenu kuposa Ijumaa, mji mzima uwe umeshakuona."

Mwenye saluni akatoka na kitana mkononi. Aliitwa Nakhisa, Mkenya wa Bungoma, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Ndiye huyu? Haki ya Mungu, fundi, wewe ni mganga! Umemtoa mbali!" Akamgeukia Safinah. "Dada, usinielewe vibaya. Sura unayo. Ni kiza tu kilikuwa kimeifunika."

Ndani, wanawake waliokuwa wanasukwa wakaangua kicheko.

"Wanubi hao, nyabo," mmoja akamwambia Nakhisa. "Wasudani. Kwao jua kali."

"Kwao wapi?" Kamis akamjibu kwa utani. "Huyu kazaliwa Mengo."

"Azaliwe popote. Msudani ni Msudani."

Wakacheka tena. Na Kamis, Mnubi mwenzake, akacheka nao. Safinah alimwona.

"Nimechelewa," akasema, akaenda zake.

Saa kumi jioni simu ya Kamis ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Waambie shangazi zako wasije."

Akajibu: "Nimekosa nini?"

Kimya.

"Safi?"

Kimya.

"Au kidoti nimekiweka upande mwingine?"

Safinah aliusoma huo wa mwisho mara tatu. Kisha akazima simu.

Kesho yake asubuhi Kamis alifika Mengo mwenyewe, shati limepigwa pasi. Mama yake Safinah alimtazama juu mpaka chini.

"Yuko uani. Ongeeni, lakini mlango uwe wazi."

Safinah alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la makaa, anachemsha ukindu kwenye sufuria kubwa. Hakuinua uso.

"Safi, mimi ni mweusi kuliko wewe. Nitakudharauje?"

"Rangi ile uliichanganya na nini?"

"Kahawia. Na nyeupe."

"Nyeupe kiasi gani?"

Kamis akajikuna shingo. "Kopo moja. Na nusu."

"Ili iweje?"

"Ili uwe mzuri."

Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Safinah aliinua ukindu kwa kijiti, akautazama ukichuruzika maji.

"Na sasa hivi niko vipi?"

Mama yake Safinah, kule ndani, alikohoa makusudi.

"Wateja ndivyo wanavyotaka," Kamis akasema. "Miaka saba nachora saluni. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, Kamis, nichoree mweusi. Nyeusi naitumia kwa nywele tu."

Safinah hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipokuwa na jambo zito, mikono yake ndiyo iliyosema, na watu wakaliona kwenye kawa. Lakini siku hiyo aliweka kijiti chini.

"Unajua kwa nini niliacha shule?"

"Ulisema ada ilishinda."

"Ada tulikuwa nayo. Darasa la sita niliimba kuliko wote. Siku ya wazazi, mwalimu akaniweka nyuma ya pazia niimbe. Mbele akamsimamisha msichana mwingine, maji ya kunde, afungue na kufumba mdomo. Watu walimpigia makofi mpaka wakasimama. Mama alikuwepo. Alikuja kuniuliza, mbona sikukuona? Muhula uliofuata sikurudi."

Kamis alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Juzi nimekwenda kutafuta kitambulisho. Karani ananiuliza, nyinyi mlikuja lini? Babu wa babu yangu aliletwa na Waingereza abebe bunduki yao. Zaidi ya miaka mia, Kamis! Mlikuja lini! Nje nimezoea. Lakini kwako nilidhani nimefika."

"Safi."

"Na ulicheka."

"Nilicheka," Kamis akakubali. "Nikicheka yanapita haraka. Nimefanya hivyo tangu mtoto." Akashusha pumzi. "Niseme ukweli? Hata ningetaka, sijui kukuchora. Nikitumia nyeusi, uso unakuwa kama tako la sufuria. Hauna uhai. Nimejaribu sana nyumbani, nikafuta."

Safinah alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akainuka, akaenda kwenye kamba ya kuanikia, akarudi na kitita cha ukindu mweusi.

"Umewahi kuniona nikinunua rangi nyeusi?"

Kamis akafikiri. "Hapana."

"Nyekundu kwanza. Unachemsha, unaanika. Halafu buluu. Unaanika. Halafu buluu tena. Ile nyekundu haiondoki, inakaa chini. Ndiyo maana ukindu huu ukiutoa juani unawaka. Nyeusi ya kopo moja inakuwa imekufa."

Kamis alibeba kile kitita hadi juani, akakigeuza huku na huku. Kisha akautazama mkono wa Safinah. Akautazama kwa muda mrefu.

"Acha, mama anaona."

"Natazama kazi."

"Kazi gani?"

"Hapa kwenye kiwiko kuna zambarau," Kamis akasema polepole, kama anayesoma. "Na hapa nyekundu. Aisee. Miaka miwili nakuangalia."

Safinah aliuma mdomo asicheke.

"Nikibadilisha, shangazi waje?"

"Chora kwanza."

Alhamisi Kamis alipanda ngazi alfajiri, Nakhisa akiwa bado kwake amelala. Saa tatu simu ya Safinah ikaita.

"Njoo. Njoo upesi, mwenye ukuta kafika."

Alipanda boda. Aliposhuka Bukoto, aliukuta ukuta kabla ya kuwakuta watu. Uso ulikuwa mweusi tii, na chini ya weusi kulikuwa na joto, kama makaa ambayo hayajazimika. Jua la asubuhi lilikuwa linapita juu ya shavu. Safinah alisahau kumlipa mwenye boda mpaka akapigiwa honi.

"Fundi, umeniharibia ukuta!" Nakhisa alikuwa amejishika kiuno. "Nimekupa mtu mzuri, unanirudishia usiku! Sasa huyu, nani atakuja kusukwa kwa ajili yake?"

"Mimi."

Wote wakageuka. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imetoka.

"Mimi nitakuja," Safinah akarudia.

Nakhisa aliuangalia ushungi aliojitanda. "Wewe? Unajifunika mwaka mzima! Nywele zako nani ataziona?"

"Mume wangu."

Kopo likamponyoka Kamis, likapiga kishindo chini. Nakhisa alijaribu kukasirika, ikamshinda. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Bambi, masikini! Mtoto ana mdomo, kumbe!" Akajifuta macho. "Lakini biashara ni biashara. Jumapili napaka pinki tupu. Mpaka Jumapili tu, fundi, na hapa kwangu huchori tena."

"Sawa, madam."

"Hubishi?"

"Sibishi. Lakini popote nitakapochora tena uso, sitaki nyeupe."

Nakhisa akaingia ndani akisonya. Wale wawili wakavuka barabara, wakakaa kwenye ukingo wa mtaro, wakiutazama ukuta kutoka mbali. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtoto alisimama kidogo mbele ya ukuta, akapita.

"Siku tatu," Kamis akasema. "Zinatosha?"

"Zinatosha."

"Basi niwaambie shangazi wasuke nywele?"

"Waambie waje. Lakini kuna kitu. Hata mama hajui."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinasuka hewa, havina ukindu.

"Ule mwaka nilioacha shule, nilinunua mkorogo wa kujichubua. Nilijipaka uso na shingo, miezi miwili, kwa kujificha, nikisubiri niwe yule msichana wa mbele ya pazia. Uliniunguza, nikasema ni moto wa jiko." Kisha akamtazama machoni. "Hukuwa wa kwanza kunichanganyia nyeupe, Kamis. Wa kwanza ni mimi."