Sori ya Wakesho

Huko juu kwenye milima ya Taita, ambako ukungu huamka kabla ya watoto, aliishi msichana mmoja mdogo. Jina lake Wakesho. Alikuwa na miaka sita na pengo kubwa kwenye meno ya mbele.

Rafiki yake aliitwa Mkawasi. Kila asubuhi waliteremka mlima pamoja kwenda shule. Tapu, tapu, tapu.

Siku moja Mwalimu Mshai aliandika neno ubaoni. Kra, kra, kra, chaki ililia.

"Hili ni neno la Kiingereza," alisema. "Semeni: sori!"

"Soriii!" darasa zima likaitika.

"Ukimkosea mwenzako, mwambie sori. Maana yake samahani."

Wakesho alilipenda neno lile. Alilisema njia nzima akirudi nyumbani.

*Sori, sori, neno dogo.*
*Lina nini ndani yake?*

Asubuhi iliyofuata, Mkawasi alichelewa. Aliingia darasani na macho mekundu. Kwi, kwi, kwi, alilia.

"Una nini, Mkawasi?" Mwalimu akauliza.

"Tui amekufa."

Tui alikuwa sungura wake. Alikuwa mweupe pe, na masikio marefu, laini. Alipenda sana majani ya kabichi. Katu, katu, katu.

Mwalimu Mshai akapiga magoti. Akamfuta Mkawasi machozi.

"Sori, Mkawasi," akasema. "Sori sana."

Wakesho akashtuka. Mwalimu? Mwalimu amemfanya nini Tui?

Kisha Mwakio akasimama. "Sori, Mkawasi." Na Righa naye, "Sori, Mkawasi." Wakasema wote, mmoja baada ya mwingine.

Wakesho akamtazama huyu. Akamtazama yule. Kumbe wote wamemkosea Tui!

Zamu yake ikafika. Mkawasi akamgeukia. Akangoja.

"Mimi sikumfanya kitu," Wakesho akasema. "Hata sikuwapo!"



Mkawasi akageuza uso wake ukutani.

Siku ile, Mkawasi alipanda mlima peke yake. Alikwenda mbio, hakutazama nyuma. Wakesho alibaki chini, moyo mzito kama jiwe la kusagia.

*Sori, sori, neno dogo.*
*Lina nini ndani yake?*

Nyumbani, Baba alikuwa amesimama juu ya mwamba, maana huko ndiko simu hushika.

"Sori?" Baba alipiga kelele. "Sori? Sori?"

"Baba! Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu," Baba akacheka. "Sikusikia anasema nini. Namwomba arudie."

Wakesho akashika kichwa. Lo! Hata hiyo ni sori?

Akaingia jikoni. Mama alikuwa akiambua maharagwe. Tak, tak, tak, yalianguka kwenye sufuria. Wakesho akaketi karibu naye, akamweleza yote. Habari ya Tui. Habari ya Mwalimu. Na jinsi Mkawasi alivyogeuza uso.

Mama akaweka maharagwe chini.

"Juzi ulianguka, ukachubuka goti. Nilikwambia nini?"

"Ulisema pole."

"Kwani ni mimi niliyekusukuma?"

"Hapana. Niliteleza mwenyewe."

"Sasa mbona nilisema pole?"

Wakesho akafikiri. Akagusa goti lake.

"Kwa sababu niliumia. Na wewe uliona vibaya."

"Basi, mwanangu, Kiingereza husema sori hapo pia. Samahani ni sori. Pole nayo ni sori."

Wakesho akamtazama Mama, macho yakamjaa machozi.

"Mama," akasema polepole. "Kumbe walikuwa wanampa pole. Wote walimpa pole. Mimi tu sikumpa."

Mama akamvuta, akamkumbatia.

"Jua bado lipo," akasema. "Nenda. Ila urudi kabla ukungu haujashuka."

Wakesho akatoka mbio. Pa, pa, pa! Akapita shamba la kabichi. Pa, pa, pa! Akaruka mfereji.

"Hodi!"

"Karibu, Wakesho," akaitika Mama Mkawasi. "Mwenzako yuko nyuma ya nyumba."

Mkawasi alikuwa ameketi kando ya kibanda cha Tui. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Umekuja kusema tena kwamba hukumfanya kitu?" akauliza.

"Hapana."

Njiani Wakesho alikuwa na maneno mengi. Sasa yote yalikuwa yamekimbia. Lilibaki moja tu.

"Sori," akasema.

"Sori ya nini?"



"Sori ya Tui. Hiyo ni pole." Akatazama vidole vya miguu yake. "Na sori yangu mimi, kwa yale niliyosema darasani. Hiyo ni samahani."

Mkawasi alisogea kidogo, akaacha nafasi kwenye jiwe. Wakesho akaketi.

Ndipo Mkawasi akaanza kulia tena. Safari hii alilia begani kwa Wakesho. Wakesho naye akalia.

"Alitafuna kamba ya kiatu changu," Wakesho akasema katikati ya machozi. "Akaimeza!"

"Na soksi ya Babu," Mkawasi akasema. "Tui alikimbia nayo, Babu nyuma yake, shamba zima!"

Wakacheka. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini wakacheka, hi hi hi, mpaka Mama Mkawasi akachungulia dirishani.

Kisha wakachuma maua ya manjano. Wakaenda mahali Tui alipozikwa, wakayapanga juu ya udongo, taratibu.

Ukungu ulipoanza kushuka, Mama Mkawasi akamshika Wakesho mkono, akamrudisha kwao.

Usiku, Mama alimfunika Wakesho blanketi mpaka kidevuni.

"Mama, kesho nifungie viazi viwili vya shule."

"Viwili? Una njaa kiasi hicho?"

"Kimoja changu," Wakesho akapiga miayo. "Kile kikubwa, cha Mkawasi."

Mama akambusu kwenye paji la uso. Alipoinua kichwa, Wakesho alikuwa amekwisha lala. Fuu, fuu, fuu.