Mvua ya Sufuriani

Wingu likianza kujikusanya juu ya mtaa, watu wengine hukimbilia kuanua nguo. Chiriku yeye alikimbilia bomba la maji ya paa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake nyumbani tangu alipofikia kimo cha kulishika bomba bila kupanda juu ya stuli.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake mdogo, kwa sababu msichana huyo alizungumza tangu anafumbua macho asubuhi mpaka usingizi unapomkatiza maneno usiku. Baba yake alikuwa fundi wa betri. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, betri za magari na za sola zimepangwa juu ya mbao, nyaya nyekundu na nyeusi zikining'inia ukutani. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi, na Mama alizoea kusema kwamba iko siku mumewe atatoka nje amevaa mkanda peke yake.

Betri hizo zilihitaji kuongezwa maji kila baada ya muda, lakini si maji yoyote. Baba alitumia maji ya mvua tu, na utaratibu wake ulijulikana na nyumba nzima. Mvua ikianza, bomba linaloshuka kutoka kwenye mfereji wa paa liliachwa limetazama pembeni, maji yamwagike chini. "Acha paa lioge kwanza," Baba alisema. Vumbi na vinyesi vya ndege vikishaondoka, ndipo bomba lilipoelekezwa kwenye pipa la plastiki lililofungwa kitambaa cheupe mdomoni. Kutoka pipani maji yaliingia kwenye dumu lenye kifuniko cheupe. Dumu hilo halikuguswa kwa kazi nyingine, hata kama mtu amekauka koo kwa kiu.

Jumamosi moja Baba alisafiri kwenda kununua vifaa. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake.

"Dumu limebaki tupu, na Jumatatu nina kazi zahanati. Betri zao za sola zimekauka, na taa ya chumba cha kujifungulia inafifia. Mawingu unayaona. Leo usicheze mbali."

"Sawa, Baba. Nikisikia tone la kwanza tu, niko kwenye bomba."

Alisema kwa moyo wote. Isitoshe, mama yake mdogo, ambaye mumewe alifanya kazi mbali, alikuwa akiishi nao akisubiri kujifungua, na zahanati hiyo ndiko alikokuwa ameandikishwa. Lakini mchana marafiki walikuja na kamba mpya, na uwanja wa kuruka kamba ulikuwa nyuma ya nyumba ya saba. Mvua ilipoanza, wasichana walijibanza barazani kwa watu na kuendelea kusimuliana hadithi. Chiriku alikuwa amefika penye utamu wa hadithi yake, akajiambia kuwa paa bado linaoga. Alipomaliza hadithi, mvua nayo ilikuwa imemaliza. Alikimbia nyumbani akakuta bomba limetazama pembeni, ua umejaa madimbwi, na pipa ni kavu.

Alisimama pale akilitazama anga lililokuwa linaanza kung'aa, kana kwamba lingemwonea huruma. Kisha akalichukua dumu, akaenda kwenye pampu ya mtaa, akalijaza. Maji ya pampu yalikuwa maangavu, hayana hata chembe ya taka. Maji ni maji, alijiambia, akakaza kifuniko cheupe.

Jioni Baba alirudi, akaliinua dumu kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu ndiye msaidizi wangu," alimwambia Mama. "Ningekuwa na wawili kama yeye, ningestaafu."

Chiriku alitabasamu nusu mdomo. Usiku huo alikula kimya, mpaka mama yake mdogo akauliza kama kuna mtu amemkata ulimi.

Jumatatu asubuhi, Chiriku alipokuwa akivaa viatu vya shule, Baba alimletea chupa. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaomba wanafunzi waje na maji kutoka sehemu mbalimbali, na Chiriku ndiye aliyeambiwa alete ya mvua, maana fundi alijulikana kwa kukinga mvua.

"Nimekumiminia kutoka kwenye dumu letu," Baba alisema. "Mwambie mwalimu, maji ya mvua yaliyo safi kuliko haya atayafuata mawinguni mwenyewe."

Chiriku aliipokea chupa. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza yote.

Darasani, mwalimu alipanga bilauri za kioo juu ya meza. Moja alitia maji ya mto, moja maji ya pampu aliyoleta Profesa, mvulana mwenye miwani aliyekaa dawati moja na Chiriku, na ya mwisho akatia maji ya Chiriku.

"Nani ataniambia mvua inatoka wapi?"

"Juu, Mwalimu," mtu alijibu kutoka nyuma, na darasa likacheka.

"Ni kweli, lakini kabla ya juu ilikuwa chini. Jua hupasha joto maji ya ziwa, ya mto, hata ya dimbwi la uani kwenu. Maji hugeuka mvuke na kupanda. Mvuke husafiri peke yake. Chumvi, chokaa na matope huviacha chini. Huko juu hupoa, hushikamana na chembe ndogo za vumbi na kuwa vitone. Vitone huungana, huwa vizito, hewa hushindwa kuvibeba, vinaanguka. Hiyo ndiyo mvua. Sasa tazameni ndani ya bilauri hizi."

Ukiacha ile ya mto, bilauri zote zilikuwa angavu. Mwalimu alichukua chupa ya maji ya magadi aliyoyachuja kwa kitambaa mpaka yakatakata.

"Chokaa ikiyeyuka majini huioni. Magadi yakiikuta, huishika, vinakuwa kitu kimoja kisichoyeyuka. Kikishindwa kuyeyuka, hujitenga na maji, kikaonekana, kikashuka chini. Huko kushuka kwake tunaita kutuama, na kile kilichotuama ni mashapo. Tuanze na ya pampu."

Alitia matone machache. Maji ya Profesa yaligeuka meupe kama yaliyooshewa mchele, na darasa zima likanyoosha shingo.

"Na haya ya mvua," mwalimu alisema, "yatabaki kama yalivyo, kwa sababu hayana chokaa."

Aliyatia magadi maji ya Chiriku. Yakawa meupe vilevile.

Mwalimu aliinamia bilauri akakunja uso. Akaongeza tone jingine. Weupe ukazidi, na taratibu ukaanza kushuka. Wanafunzi walianza kunong'ona. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ajabu," mwalimu alisema, bila ukali wowote. "Labda pipa lenu limejengewa saruji? Saruji ina chokaa."

Njia ya kukwepa ilikuwa wazi mbele ya Chiriku. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha, na kengele ya mapumziko ingelia. Chiriku aliyatazama mashapo yakijilaza chini ya bilauri.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "maji haya yakitiwa kwenye betri?"

"Yangeiharibu. Ndani ya betri kuna asidi, na chokaa ikikutana na asidi ile hujitenga vivyo hivyo. Itaganda kwenye pleti, vile vibamba vya risasi vilivyomo ndani, na ukishaitia huwezi kuitoa. Betri itakufa polepole."

"Naomba ruhusa, Mwalimu. Maji haya si ya mvua. Niliyachota pampuni, na Baba hajui, na leo anayapeleka zahanati."

Mwalimu alimtazama kidogo tu.

"Nenda. Kimbia."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Chiriku alipita mlango wa mbele akihema, akamwamkia Sista, yaani muuguzi mkuu, bila kusimama, akaingia chumba kidogo cha nyuma. Betri zilikuwa zimepangwa chini, vifuniko vyake vyote vimefunguliwa. Baba alikuwa amepiga magoti. Faneli ilikuwa imeshaingizwa kwenye betri ya kwanza, na dumu lilikuwa mikononi mwake.

"Baba, usimimine."

Baba aligeuka. Kwanza alidhani kuna msiba. "Mama yako mdogo?"

"Hapana. Ni hayo maji. Mvua ilinipita nikiwa kwenye kamba. Nikajaza ya pampu. Nisamehe, Baba."

Sista alikuwa amefika mlangoni na alisikia yote. Baba aliliweka dumu chini. Aibu ilimpanda usoni, Chiriku akaiona, na kuiona huko kulimuuma kuliko kipigo. Kisha Baba akaanza kurudisha vifuniko, kimoja baada ya kingine, polepole.

"Sista, maji niliyoleta siyo," alisema. "Nilimwambia binti yangu ajaze, nikatazama dumu limejaa, nikaridhika. Sikuuliza."

"Na taa, Fundi?" Sista aliuliza. "Jana ilizimika nikiwa na mama kitandani. Nilimalizia kwa tochi ya simu."

"Pleti ziko nje ya maji. Nikiziwasha betri hivi zitaungua. Maji ya betri ya dukani ni mpaka kesho gari likienda mjini, na anga leo ni jeupe."

Wote watatu walitazama nje dirishani. Hapakuwa na wingu hata la kusingiziwa.

Chiriku alifuta machozi kwa mkono wa sare. "Baba, unahitaji dumu zima?"

"La. Kwa leo, ya kufunika pleti tu. Chupa mbili kubwa zingenisitiri."

"Mwalimu amesema mvuke huacha chokaa chini. Tukichemsha maji ya pampu, tukaukinga mvuke, si itakuwa mvua?"

Baba alimtazama, akamtazama Sista. "Itakuwa," alisema. "Ila mvua ya namna hiyo hainyeshi haraka. Kuni, moto na kukaa hapo. Na atakayekaa ni wewe."

Ndivyo Chiriku alivyotumia mchana wake jikoni kwao. Mama alimpa sufuria pana kuliko zote. Katikati yake waliweka jiwe lililosuguliwa, juu ya jiwe bakuli la kioo, na kuzunguka jiwe maji ya pampu. Kifuniko cha sufuria walikigeuza juu chini, kile kishikio chake kielekee kwenye bakuli, na ndani ya kifuniko wakamimina maji ya baridi. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, ukagonga kifuniko kilichopoa, ukawa matone. Matone yaliteleza mpaka kwenye kishikio, yakadondoka bakulini. Tone. Kimya. Tone.

Kila maji ya kifunikoni yalipopata joto, aliyabadilisha, na bakuli lilipojaa alilimimina chupani. Moto ulipolegea, aliuchochea. Moshi ulimwingia machoni, mgongo ukamuuma, na wenzake walipopita dirishani na kamba yao aliwapungia mkono tu. Mama yake mdogo alikuja na stuli yake, akaketi kwa shida, mikono juu ya tumbo.

"Kwa hiyo mwanangu anapikiwa mvua," alisema. "Hajazaliwa, tayari anasumbua watu."

"Mama mdogo, taa ingezimika ukiwa wewe kitandani," Chiriku alisema. "Niliogopa sana."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukaa na wewe. Haya, badilisha maji, kifuniko kimechemka."

Jua lilipoanza kushuka, chupa ya pili ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Mama aliinua kifuniko, akamwonyesha Chiriku sufuria. Ubavuni, pale maji yalipopungua, palikuwa na utando mweupe mgumu. Ile ndiyo chokaa ambayo ingelala ndani ya betri za zahanati.

Profesa alikuja na chupa ya magadi kutoka kwa mwalimu. Chiriku alimimina kidogo cha maji yake kwenye glasi, Profesa akatia tone. Walisubiri. Akatia la pili. Maji yalibaki maangavu.

"Mvua tupu," Profesa alisema, akasukuma miwani yake juu ya pua.

Kule zahanati Baba aliyamimina maji hayo taratibu, kila betri kwa kiasi chake, mpaka pleti zote zikafunikwa. Aliunganisha nyaya, akamwitikia Sista kwa kichwa. Sista alibonyeza swichi, na taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka, nyeupe, imetulia. Sista alimshika Chiriku bega, akaenda kutandika kitanda.

Njiani kurudi Baba alitembea taratibu, dumu likimning'inia mkononi.

"Mvua ilikupita, hilo ni kosa la mtoto anayependa kucheza," alisema. "Ukajaza pampuni, hilo ni kosa kubwa zaidi. Lakini ubaya wenyewe ulikuwa katika siku mbili ulizokaa kimya nikikusifu. Mimi watu hunipa betri zao kwa kuamini neno langu, na neno langu linatoka kwako. Ungeniambia Jumamosi, tungechemsha Jumapili, na Sista asingekaa leo kutwa bila taa."

"Ndiyo, Baba."

"Hata hivyo umesema mbele ya darasa, ukasema mbele ya Sista, halafu ukafanya kazi mpaka ikaisha. Ukikosea tena, maana utakosea, uniambie siku hiyohiyo."

"Na maji haya ya pampu tutayafanyia nini?"

"Tutafulia suruali zangu. Matundu hayatajua tofauti."

Chiriku alicheka, na tangu hapo hakunyamaza mpaka wakafika nyumbani.

Juma lililofuata mama yake mdogo alijifungua mtoto wa kike, chini ya taa isiyotikisika. Siku waliyomleta mtoto nyumbani, wingu lilijikusanya ghafla na matone mazito yakaanza kugonga bati. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni wakimgombea mtoto. Baba alitazama kiti cha Chiriku, kilikuwa kitupu.

"Paa limeshaoga?" aliita kutoka ndani.

"Bado, Baba," sauti ilijibu kutoka kwenye bomba.

Baba akaendelea kuzungumza na wageni wake. Hakutoka kwenda kutazama.